Seti Tatu za Kumi Hazikutengenezewa Mabingwa

Ingia jimu yoyote hapa Ruiru, iwe ile ya ghorofa ya tatu yenye vioo ukutani ama ile ya mabati nyuma ya ploti, na uulize unaanzia wapi. Utaambiwa seti tatu, kila seti mara kumi. Kocha atasema hivyo, msee aliyeshika benchi atasema hivyo, hata dogo aliyejiunga wiki jana tayari anajua. Tatu kwa kumi. Ni kama salamu.

Umewahi kuuliza hizo namba zilitoka wapi? Wengi wetu tunadhani zilitoka kwa mabingwa, wale wa misuli iliyopakwa mafuta kwenye mabango. Hapana. Zilitoka hospitali. Zilitengenezewa watu ambao magoti yao yalikuwa yameharibika na miguu imekonda kwa kulala kitandani miezi mingi. Na kwa maoni yangu, hiyo ndiyo historia inayomfaa zaidi mtu aliyewahi kupiga tizi akaacha.

Hii post ni yako wewe uliyeacha. Ulikuwa unasukuma kilo 80 kwa benchi. Halafu mitihani ikaja, ama ukapata kazi ya shifti ya usiku, ama bega likauma, ama pesa ya mwezi ya jimu ikawa ndiyo pesa ya tokeni. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Sasa ukipita pale nje na kusikia vyuma vikigongana, unaangalia simu kana kwamba kuna meseji imeingia.

Watu watakuambia ni uvivu. Mimi naona kitu tofauti: ni aibu. Unaogopa kulala kwa benchi ile ile, mbele ya wasee wale wale, na kuweka kilo 45. Namba yako ya zamani imekaa mlangoni kama askari wa geti anayekudai kitambulisho. Hapo watu hufanya moja kati ya mambo matatu, na yote ni mabaya. Wa kwanza anarudi na kubeba 80 siku ya kwanza, anaumia, anaacha tena. Wa pili harudi kabisa, anaendelea kusema "Januari nitaanza". Wa tatu anatafuta njia ya mkato, sindano ama vidonge anavyouziwa na mtu ambaye hata hajui vina nini ndani. Kwa hivyo hii si story ya sura nzuri kwa picha tu. Kuna mabega na pesa za watu hapa, na hata afya ya moyo.

Ndama asiyewahi kuugua

Tatizo linaanza na hadithi tuliyolishwa. Ya zamani kabisa ni ya Milo wa Croton, mpiganaji mieleka wa Kigiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyeshinda Olimpiki mara sita. Inasimuliwa kwamba alikuwa akibeba ndama begani kila siku. Ndama akakua, Milo akakua naye, mpaka siku moja akawa anabeba fahali mzima.

Makocha wanaipenda hiyo hadithi kwa sababu inafundisha kitu cha kweli: ongeza mzigo kidogo kidogo, na mwili utafuata. Lakini angalia kilichoachwa nje. Milo hakuwahi kupata malaria. Hakufukuzwa kazi. Hakuwa na mtihani wa KCSE. Ndama alikua kila siku na Milo hakukosa hata siku moja. Ni mstari ulionyooka kwenda juu, na mtu wa kawaida akikosa wiki tatu anahisi amekatwa kwenye hadithi kabisa, kwa sababu ndama hakumngoja.

Sasa linganisha na kilichotokea Chicago miaka elfu mbili na mia tano baadaye.

Wadi iliyojaa magoti

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinaelekea mwisho, hospitali za jeshi la Marekani zilikuwa zimejaa askari waliovunjika. Moja ilikuwa Gardiner General Hospital, Chicago. Mguu ukikaa ndani ya plasta miezi kadhaa, misuli ya paja inayeyuka. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa mazoezi mepesi, mara nyingi sana, kwa uangalifu mkubwa. Askari walikaa wodini muda mrefu na miguu yao haikurudi haraka.

Hapo alikuwa daktari kijana anaitwa Thomas DeLorme, aliyezaliwa 1917. Alipokuwa tineja aliugua homa ya baridi yabisi, ile inayoshambulia moyo, akalazwa kitandani miezi mingi na kuonywa asijichoshe. Alipopata nafuu akaanza kunyanyua vyuma mwenyewe. Kwa hivyo alipowaona wale askari, alikuwa na wazo ambalo madaktari wengi wa siku zile wangeliita wazimu: wape mzigo mzito, na uongeze.

Mwaka wa 1945 alichapisha matokeo yake katika jarida la madaktari wa mifupa. Alichofanya kilikuwa rahisi hata kukieleza. Hakumuuliza askari alikuwa anabeba nini kabla ya vita. Alitafuta uzito ambao huyo askari, na huo mguu mbovu, siku hiyo, angeweza kuinua mara kumi na asiweze mara ya kumi na moja. Huo ndio ulikuwa mwanzo wake, na kila wiki ulipimwa upya. Ukiongezeka, mazoezi yanaongezeka.

Mwanzoni aliwapa seti nyingi, kati ya saba na kumi. Kufikia 1948, akiandika pamoja na mwenzake Watkins, alikuwa amepunguza hadi seti tatu: ya kwanza kwa nusu ya ule uzito wa mara kumi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Mwaka wa 1951 wakatoa kitabu. Hata jina lilibadilika njiani. Mwanzo aliyaita mazoezi ya mzigo mzito. Baadaye akayaita mazoezi ya mzigo unaoongezeka. Mkazo ukatoka kwa uzito ukaenda kwa safari.

Fikiria hiyo kidogo. Tatu kwa kumi, ile tunayoimba kila siku, ilianza kama dawa ya kurudi. Mtu aliyeacha, aliyekonda, aliyepoteza nguvu alizokuwa nazo, ndiye mwenyewe wa hiyo fomyula. Wewe unayeona aibu kupita kwa mlango wa jimu ndiye uliyefikiriwa wakati inaandikwa. Huyo jamaa anayebeba 120 ndiye ameazima.

Kutoka gunia la kahawa hadi mkebe wa saruji

Unaweza kusema hiyo ni Chicago, na sisi tuko Gitothua. Sawa, turudi nyumbani, kwa sababu hapa pia nguvu zina historia yake.

Reli ya Nairobi kwenda Thika ilifunguliwa 1913, ikapita Ruiru, na pande zote za reli kukawa na mashamba ya kahawa na mkonge. Kwa miaka mingi hapa nguvu za mwili zilikuwa kitu cha kuuza. Mtu alichimba, alibeba gunia, alikata mawe. Hakuna aliyelipa ili anyanyue kitu kizito. Alilipwa kwa kukinyanyua, tena pesa kidogo. Ukimwambia babu yako kwamba unalipa kila mwezi ili ubebe chuma na kukirudisha pale pale, usishangae akicheka.

Halafu mji ukabadilika haraka kuliko tunavyokumbuka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Mara mbili na zaidi ndani ya miaka kumi. Katikati ya hapo, 2012, Thika Road mpya ikafunguliwa, na mahali palipokuwa na mibuni pakaota ghorofa. Vijana wengi wa Gitothua leo kazi yao ni ya kukaa: kwa duka la M-Pesa, kwa boda, kwa kompyuta, kwa matatu ya kwenda tao na kurudi. Nguvu zikawa kitu unachokitafuta baada ya kazi.

Na kwa vile si kila mtu ana pesa za jimu yenye vioo, mtaa ukajitengenezea. Unajua vyuma vyenyewe: mikebe miwili ya rangi iliyojazwa saruji, bomba la chuma katikati. Gia ya lori iliyokufa. Benchi iliyochomelewa na fundi wa mageti. Watu wanavicheka, lakini kuna jambo moja zuri ndani yake. Hakuna anayejua kwa hakika mkebe una kilo ngapi. Na njia ya DeLorme haihitaji ujue. Uzito wa mara kumi unapimwa na mwili wako, haupimwi na maandishi yaliyo kwenye chuma. Ukiinua mkebe mara kumi na ya kumi na moja ikakataa, huo ndio wako. Wiki ijayo ukifika kumi na mbili, umeongezeka, hata kama mkebe hauna jina.

Mita tano za Yego

Najua kuna mtu tayari anasema: kuanza chini ni kujishusha, mtu mkali anafuata namba yake kubwa. Kwa huyo nina Mkenya mmoja.

Julius Yego tunamjua kama "YouTube Man", msee wa Nandi aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za Jan Železný na Andreas Thorkildsen. Hiyo sehemu kila mtu anaisimulia. Mkuki wa wanaume una gramu 800 tu, lakini nguvu ya kuurusha inatafutwa kwa miguu, mgongo na kiuno, chini ya vyuma vizito. Kwa hivyo ni mwenzetu.

Tazama ngazi zake za kupanda. 2011, dhahabu ya michezo ya Afrika, Maputo. 2012, fainali ya Olimpiki London. 2013, nafasi ya nne duniani kule Moscow kwa mita 85.40, shaba ikimponyoka raundi ya mwisho. 2014, dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Glasgow. Na 2015, Beijing, akarusha mita 92.72. Bingwa wa dunia, rekodi ya Afrika, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya dunia katika mchezo wa kurusha ama kuruka. Hapo ni Milo na ndama wake, mstari umenyooka.

Halafu sehemu ambayo hatuisimulii sana. Rio 2016 alipata fedha kwa mita 88.24, lakini kifundo cha mguu kikaumia mashindano yakiendelea. Miaka iliyofuata ikawa migumu. London 2017, kwa mashindano ya dunia, hakuingia nane bora. Tokyo, kwa Olimpiki iliyofanyika 2021, hakuvuka mchujo. Bingwa wa dunia, nje hata kabla ya fainali. Mitandao ya Kenya ilishamwandikia tanzia ya kimichezo.

2022, Birmingham, Jumuiya ya Madola. Alirusha mita 85.70 na kupata shaba. Angalia hiyo namba vizuri. Ni mita saba chini ya ile ya Beijing. Ni sentimita 30 tu juu ya ile ya Moscow, miaka tisa nyuma. Kama angekuwa anajipima kwa 92.72 peke yake, hiyo ilikuwa siku ya kushindwa. Lakini iliwekwa kwa ubao wa matokeo wa siku hiyo na ikawa medali.

2024, Paris, akiwa na miaka 35. Alifika fainali ya Olimpiki na kumaliza wa tano kwa mita 87.72. Toa hiyo kwa 92.72. Unabaki na mita tano kamili, si sentimita moja zaidi wala pungufu. Hakurudi pale alipokuwa. Alirudi, hata hivyo, hadi kuwa wa tano duniani, mbele ya vijana walioanza kumtazama kwa YouTube kama yeye alivyowatazama wengine.

Mimi nikiangalia miaka yote hiyo, naona mtu ambaye aliendelea kuwa na kazi ya kufanya hata wakati namba yake kubwa ilikuwa haishikiki. Kuvuka mchujo ni lengo. Kuingia nane bora ni lengo. Kumaliza msimu bila jeraha ni lengo. Namba ya 2015 haikufutwa, iko kwa vitabu, hakuna anayeweza kumnyang'anya. Na kilo zako 80 ziko vile vile. Ulizibeba. Ni zako. Huhitaji kuzibeba tena leo ili ziwe kweli.

Mwili haujakusahau

Habari njema ni kwamba kurudi huwa ni rahisi kuliko kuanza. Wanaorudi tizi wanaliona hili kwa macho: nguvu zilizochukua mwaka kujengwa mara ya kwanza hurudi kwa muda mfupi zaidi. Mwaka wa 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walionyesha sehemu ya sababu kwa kutumia panya. Msuli ukikuzwa unaongeza viini ndani ya seli zake, na hata msuli uliponyauka tena, vile viini vilibaki. Panya si binadamu, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu sisi. Lakini picha ni nzuri: nyumba imefungwa, haijabomolewa.

Onyo ni hili. Misuli hurudi upesi, lakini kano, zile kamba zinazoshika msuli kwa mfupa, huenda polepole zaidi. Ndiyo maana wiki ya tatu ni hatari. Unajisikia simba, msuli uko tayari, kiwiko hakiko. Watu wengi huumia hapo.

Majaribio matatu

Kitu cha mwisho kuhusu kuweka malengo mapya. Birmingham hiyo hiyo ya 2022, Mkenya mwingine, Hellen Wawira Kariuki, alipata shaba ya kunyanyua vyuma kwa wanamichezo wenye ulemavu. Katika mchezo huo unalala kwa benchi na una majaribio matatu tu. Wewe mwenyewe ndiye unataja uzito, na ukishataja hauwezi kushuka, unaweza kubaki ama kupanda. Kwa hivyo wanaojua huo mchezo huanza na uzito wanaoujua vizuri kabisa. Wa pili unakuweka kwenye mashindano. Wa tatu ndio wa kuota.

Hiyo ndiyo mipango ningependa tuige. Tunaweka lengo moja kubwa, "kufika Desemba nabeba 100", halafu likishindikana hatuna kingine mfukoni. Weka matatu.

La kwanza liwe la kuhudhuria: siku tatu kwa wiki, kwa wiki nne, hata kama siku nyingine unafanya nusu saa na kurudi nyumbani. Hilo unalimudu.

La pili liwe uzito wako wa mara kumi. Siku ya kwanza utafute, polepole, kwa benchi, skwati na kuvuta mgongo, na mwenzako akiwa karibu akushikie. Tuseme ni kilo 40. Basi seti zako ni 20, 30, 40, mara kumi kila moja. Kila wiki pima upya. Kama mikebe ya mtaani inaruka hatua kubwa mno, ongeza kwa maji: chupa ya lita 2 ni karibu kilo 2, mtungi wa lita 20 ni karibu kilo 20. Na kama bega ama goti liliumizwa, ama ulikuwa mgonjwa wa kulazwa, pita kwanza kwa daktari ama mtaalamu wa fiziotherapia. Hata wale askari wa Chicago walikuwa na daktari pembeni.

La tatu liwe la kuota, na si lazima liwe namba yako ya zamani. Labda ulikuwa mtu wa benchi peke yake na hukuwahi kujifunza skwati vizuri. Labda ni kujivuta juu ya bomba mara kumi bila kuruka. Lengo jipya kabisa lina faida moja: halina jana ya kulinganisha nalo. Siku ya kwanza ukifanya mara mbili, hiyo ndiyo rekodi yako ya maisha.

Kuhusu morali, usiingoje. DeLorme hakuwangoja askari wajisikie vizuri ndipo awape mzigo. Walikuwa wodini, wamechoka na vita, na wengine hawakuamini ule mguu utarudi. Aliwapa uzito waliouweza, wakauinua, na wiki iliyofuata namba ikapanda. Hamu ya kuendelea ilikuja baada ya namba kupanda, na hiyo ndiyo njia ninayoiona mtaani pia. Hakuna anayechoka na kitu ambacho kinaongezeka mbele ya macho yake.

Kwa hivyo Jumatatu, nenda. Beba kile kidogo. Kikiandikwa kwa simu yako na tarehe, kishakuwa mwanzo. Na ukimwona mtu karudi baada ya muda mrefu akiweka kilo 30 kwa benchi, usimuulize "ulipotelea wapi?" Mshikie chuma.